Namna inchi zinakunywa, na kikombe nilimupatia Dieudonné

Lubumbashi, commune Kenya, ni mutaa yetu. Dimanche, mwezi wa pili. Mvua inanyesha tangu asubui na haionyeshe alama ya kuchoka.

Miye niko na myaka makumi saba na munane. Bintu mingi bilikufa, miye nikabaki. Hii muji niliijua na jina yake ya Bazungu, ile jina ilikufa. Feza tatu zilikufa, na kila moja nilikuwa nayo mu mufuko siku ilikufa. Train nilizifanyia kazi ziko zinaota majani. Bandugu yangu sita ba kiume, bote beko mu malalo. Bibi yangu Mama Yumba, mama ya batoto yangu, mwaka moja sasa. Docteur mumoja aliniambiaka, «Papa, itisha batoto, umebakisha siku kidogo.» Ule docteur njo alikufa. Miye niko minakula bukari, ugali yangu.

Na juzi, siku ya vendredi, nilizika Dieudonné, mutoto yangu wa kwanza.

Huyu sikutaka kubaki nyuma yake.

Nilisoma mpaka mwaka ya tatu ya primaire, basi. Minaandika na kidole moja. Binti yangu Odile, ule anaikala Kolwezi, njo alinifungulia hii ukurasa mu téléphone, akasema, «Papa, bile bintu unajisifuaka ku nyumba, andika humu, tutasoma.» Nilijisifu humu mara mingi, munajua. Leo sikukuya kujisifu. Ao nitajisifu kidogo, juu bila ile hamutaelewa namna nilikosa.

Miye njo muntu anajua namna inchi zinakunywa. Kuko bantu banasoma ile mu buku. Miye nilisimama ndani yake. Nilifanya myaka makumi tatu na mbili juu ya train, kazi ya kukaza frein, kusimamisha magurudumu. Kutoka hapa mpaka Sakania, pale tunavuka mupaka, tunaingia Zambia, Ndola, siku zingine mpaka kule Bulawayo. Kila fasi train ililala, nilishuka, niliangalia bantu banakunywa nini, na namna gani, na kesho yake beko na uso gani.

Zambia banakunywa siku ya mushahara. Lundi mpaka jeudi ni bantu ba heshima, banakupatia njia, banakupatia kiti. Vendredi mangaribi unapita juu ya miguu ya bantu benye balilala chini.

Chef yangu wa kwanza alikuwa Mubeleji, Muzungu wa Belgique. Ule alikunywa kila siku. Saa sita ya muchana, glasi moja na nyama na biazi, anaikala, kitambaa mu shingo. Mangaribi glasi mbili. Sikumuona hata siku moja anatembea mubaya. Saa kumi na mbili na nusu ya asubui eko kazini, anaangalia saa yake, anatungojea siye.

Bachina niliwaona uzeeni, wakati nilikuwa sentinelle, mulinzi, ku carrière moja ya kuchimba mawe, njia ya Likasi. Banakunywa mu bikombe bidogo kama bya dawa. Bote pamoja, banasimama, banapigiana makelele, uso inakuwa nyekundu. Unasema leo batapigana. Asubui beko bote juu ya machine.

Na siye? Siye tunakunywa kama vile polisi eko ku mulango anakuya kunyanganya chupa. Mbio mbio, tumbo wazi, kusimama.

Ile yote nilimuambiaka Maître Ntumba. Huyu ni jirani yangu wa nyuma, ukuta moja tunagawanya. Bazazi yake balitoka Kasai, yeye alizaliwa hapa, alifundisha hesabu mpaka akapata retraite. Kila dimanche kisha misa tunaikala ku baraza yake na tunabishana. Myaka kumi na tano tunabishana. Bibi yake anatuwekea chai na anaenda mbali.

Siku moja akanionyesha karte, ramani ya dunia, mu téléphone yake. Inchi zenye zinakunywa sana ziko na rangi ya kukolea, zenye zinakunywa kidogo ziko nyeupe. Nikaangalia. Ulaya yote imekolea. Siye hapa katikati, rangi kidogo tu, kama nguo ya kufuliwa mara mingi. Nilicheka mpaka nikakohoa.

«Unaona, Maître. Pombe njo inajenga barabara. Siye tuko bamasikini juu hatukunywe ya kutosha.»

«Muzee, vieux ya train,» akasema, «wewe unasomaka karte sawa mutoto anasoma buku ya misa. Unaangalia picha.»

Kisha akanielezea polepole, vile anaelezeaka batoto ba nyuma mu kalasi. Feza inatangulia, chupa inafuata. Inchi ikipata feza, hata bale benye hawakukunywaka banaanza kununua. Tena kule bengi banakunywa, kila muntu kidogo. Huku bengi hawaguse hata tone, kanisa inakataza ao feza hakuna, lakini ule mumoja mwenye anakunywa, anakunywa ya bote. Bale ba hesabu banagawanya ile pombe juu ya vichwa yote ya inchi, inaonekana kidogo.

«Lakini maini haigawanye na jirani,» akasema.

Akasema tena: mulevi wa kule akianguka, kuko ambulance, kuko docteur, kuko mushahara inamungojea kitandani. Wa huku akianguka, anaenda mpaka chini kabisa. Balikunywa kintu moja, kufa yao haiko moja.

Nikamujibu, «Wewe ulifundisha, haukutembea. Miye nilitembea. Ni chakula na haraka. Muntu akikula mbele, akishiba, akikunywa polepole mbele ya bantu sawa ule Mubeleji, kikombe moja haiwezi kumuua.»

Ile maneno nilisema kila dimanche, mpaka nikaiamini sawa Baba Yetu.

Sasa niseme juu ya nyumba yangu.

Wakati chemin de fer, kampani ya train, iliacha kulipa, myezi na myezi, Mama Yumba akaanza kupika lutuku. Benye hamuiyui: ni muhindi na muhogo, inachacha, inatiwa mu fût, pipa ya chuma, juu ya moto, mvuke inapita mu tuyau, bomba, ndani ya mayi ya baridi, inatoka tone tone, safi kama mayi ya kisima. Ukiwasha kiberiti, inashika moto. Mama Yumba alikuwa mupishi mukubwa. Bantu balitoka mpaka Katuba kutafuta yake. Na ile lutuku batoto balisoma, Odile akafika université, nyumba ikatoka ku matofali ya udongo ikaingia mu ciment, bati mupya.

Na ngambo ya barabara, kwa bale benye balikuya kununua, bati ilitoka moja moja. Kisha mulango. Kisha kitanda.

Maître aliniambia siku moja, «Kiwanja yako, hii parcelle, ni Ulaya, vieux, na barabara yako ni ile inchi yetu ya rangi kidogo mu karte. Ukitaka kuona pombe inaendelesha nani, angalia nani anauza.» Nilikasirika. Wiki mbili sikumusalimia. Lakini muntu hakasirikake vile juu ya maneno ya uongo.

Na kila mupishi wa lutuku anatafuta muntu wa kuonja. Mama Yumba hakukunywaka hata kidogo. Miye nilikuwa juu ya train. Basi Dieudonné njo alionja. Alikuwa bado hajaota ndevu, anaweka tone juu ya ulimi, anasema, «Mama, hii bado,» ao «Mama, hii iko muzuri.» Na hakukosaka. Siye tulijisifu. Miye nilijisifu mbele ya bantu kama mutoto yangu eko na ulimi kupita kiberiti.

Alikuwa soudeur, fundi wa kuunganisha chuma. Milango ya chuma mu hii avenue, nusu ni mikono yake. Alipofika myaka makumi ine tumbo ikavimba, macho ikakuwa njano. Docteur akamuambia, «Hata kijiko moja ya pombe, hapana.» Na akaacha. Myezi saba aliacha. Siseme kama nilimusaidia. Ni bibi yake Sifa njo alimusaidia. Sifa ni binti ya balimi ba Lukafu, mwanamuke wa maneno kidogo. Alimufuata kazini na chakula, alimungojea ku mulango ya atelier yake ya kazi, alimurudisha. Kidogo kidogo macho ikasafika. Akaanza kucheka tena.

Wiki mbili zilizopita, siku ya samedi, tulimaliza kilio ya Mama Yumba.

Kwetu siku ya kumaliza kilio mutoto wa kwanza njo anatangulia kukunywa. Anakamata kikombe, anamwanga kidogo chini juu ya marehemu, ingine anaimaliza yeye, bote banamuangalia. Kisha njo bengine banakunywa. Na ndani ya kikombe ni kile kintu marehemu alikuwa anafanya na mikono yake. Mama Yumba alikuwa anafanya nini, munajua sasa.

Siku ya jeudi, siku mbili mbele ya ile samedi, Sifa alikuya, akapiga magoti.

«Papa, minakuomba. Kikombe ya Dieudonné ikuwe munkoyo.»

Munkoyo ni ile ya muhindi na mizizi, tamu, hailewesheke. Nikasema, «Munkoyo ni ya batoto.»

«Basi mayi, Papa. Mayi na lutuku ni rangi moja. Nani atajua?»

«Mama yake atajua.»

Nikaona nimeshinda, na miye nikishinda sijuake kuacha. Nikamuambia na sauti ya muntu alitembea inchi, «Mulishe bukari na samaki ya ziwa, ya Kilwa yetu, ashibe kabisa. Muntu wa kushiba, kikombe moja ni kama Mubeleji na glasi yake ya saa sita. Utaona.»

Akasema, «Ndiyo, Papa.» Akasimama, akapangusa magoti, akaenda.

Samedi, bantu bakajaa mu parcelle. Sifa akatoa kikombe mu jiko, juu ya sinia, na kitambaa nyeupe juu yake, akaiweka ku meza kidogo karibu na mulango ya jiko ingojee sala. Bote balimuona. Miye nilikuwa nimesimama karibu. Padri akaanza kuomba, bantu bakafunga macho. Nikanusa ile kikombe.

Pua yangu ililala nyumba moja na fût myaka makumi mbili. Ilikuwa mayi.

Kasirani ilinipanda mpaka masikio. Nilisema mu roho, huyu mutoto wa mukini, wa kijiji, ananidanganya mu nyumba yangu, siku ya bibi yangu, mbele ya ukoo yote. Nikakamata kikombe, nikamwanga ile mayi nyuma ya jiko. Bidon ya mwisho ya lutuku, ile Mama Yumba alipika mwenyewe mbele ya kugonjwa, ilikuwa pale chini. Nikajaza kikombe mpaka juu. Nikaifunika na kitambaa yake ileile, nikarudia fasi yangu.

Maître Ntumba alikuwa mu mulango ya jiko, alileta biti bya kuongeza. Hakufunga macho.

«Vieux,» akasema na sauti ya chini, «acha.»

«Rudia ku karte yako,» nikamuambia.

Sala ikaisha. Sifa akabeba sinia na mikono yake mbili, akamupelekea bwana yake.

Dieudonné alikuwa ameshiba. Nilimuangalia wakati anakula, bukari mbili, samaki, mboga. Alimwanga kidogo chini. Akaweka kikombe ku mudomo, akakunywa kidogo, akasimama vile. Aliangalia Sifa. Sifa alimuchekelea kidogo, kumupatia nguvu, juu yeye alijua ni mayi. Kisha Dieudonné akaniangalia miye.

Ulimi ile haikukosaka. Alijua ni lutuku, alijua ni ya mama yake, na minazani alijua ni mukono ya nani.

Akamaliza yote. Polepole. Bantu bakapiga mikono, na miye nilipiga kupita bote.

Mangaribi alirudia ku bidon. Dimanche hakukuya ku misa. Lundi hakufungua atelier. Sifa alimutafuta nyumba kwa nyumba mu ile barabara ya bati zenye zilitoka. Siku kumi. Lundi ya hii wiki alitapika damu, tukamupeleka ku hôpital juu ya moto, pikipiki ya jirani, yeye katikati, Sifa nyuma anamushika. Mercredi, siku mbili kisha, akafa.

Kuko kintu ingine sikumuambiaka Maître myaka yote hii. Ule chef yangu Mubeleji alirudi kwao mbele ya wakati. Nilibeba valise yake miye mwenyewe mpaka ku ndege. Macho yake ilikuwa njano, mukanda ilikuwa haifunge tena. Kampani ilimulipia ndege na docteur wa kumungojea kule chini, na kisha mwaka alimutuma muntu na salamu: eko muzima, anaikala ku bustani yake. Ile macho nilijua. Nikaitoa mu hadisi yangu juu iliharibisha hadisi.

Ku kilio ya Dieudonné dada yangu Berta alisimama katikati ya banamuke.

«Nani alibeba kikombe? Bote tuliona. Mikono yake huyu.»

«Niliweka mayi,» Sifa akasema. «Tantine Berta, mbele ya Mungu, niliweka mayi.»

«Mayi inaanza kulewesha tangu siku gani? Ao ni mayi ya Lukafu?»

Bantu balicheka. Ku kilio ya bwana yake, balicheka. Sifa hakulia. Alikuya mpaka pale nimeikala, akapiga magoti kama ile siku ya jeudi.

«Papa, wewe ulikuwa karibu na meza. Haukuona kintu?»

Nikasema, «Nilikuwa minaomba.»

Sasa munajua.

Kesho lundi saa tatu ukoo inaikala hapa kwangu. Berta na batoto ba kaka yangu balishapatana. Sifa atarudia Lukafu na nguo zake za mwili. Nyumba itabaki, machine ya soudure itabaki, batoto yake batatu batabaki kwa Berta. Banasema mwanamuke mwenye alilisha bwana yake kifo hawezi kulelea batoto ya ukoo. Banangojea tu neno yangu, juu miye njo mukubwa. Jana Berta aliniambia, «Kaka, useme tu ndiyo, usijichokeshe.»

Sijaogopaka muntu. Nililala mu wagon ndani ya vita, nilibishana na basoda na bunduki yao. Lakini tangu vendredi minafungua kinywa na minasema mvua iko mingi mwaka huu.

Maître alikuya jana kisha chakula. Hakuleta téléphone. Nilifikiri ataniambia, «Nilikuambia.» Nilikuwa nimetayarisha jibu, vile niko. Hakusema ile. Aliikala, akakunywa chai yake yote.

«Vieux, lundi utasema?»

«Na kama sisemi?»

«Nitasema miye.»

«Batasema wewe ni muntu wa Kasai, unaingia mu mambo ya ukoo ya bantu. Batakufukuza.»

«Minajua,» akasema. «Njo maana minakuuliza wewe mbele.»

Nilimuambia arudie kwake. Na alipofika ku mulango nilitaka kumuita, sikumuita.

Minaangalia hii yote niliandika. Myaka kumi na tano nilisema siye tunakufa na pombe juu ya haraka na tumbo wazi. Dieudonné alishiba. Alikunywa polepole. Mbele ya bantu, amesimama vizuri, nguo safi. Yote vile niliagiza. Mu ile karte ya Maître hakuna rangi ya kuonyesha baba mwenye alijaza kikombe.

Kichwa yangu iko nguvu, munaniyua. Ndani yake kuko sauti ingali inasema: kikombe moja haiwezi kuua muntu. Pengine kesho saa tatu ile sauti njo itaamuka mbele yangu, Berta ataniangalia, na nitasema ndiyo. Njo maana minaandika leo, na minatuma leo. Odile atasoma kule Kolwezi, na yeye hanyamazake. Batoto ba kaka yangu beko na téléphone bote.

Basi: Sifa aliweka mayi. Miye, Kabwe, baba ya Dieudonné, nilimwanga ile mayi, nikatia lutuku. Nyumba ni yake, machine ni yake, batoto ni yake.

Na kama kesho mutasikia nilisema ingine, hapana kuniuliza miye. Muulize Maître Ntumba, wa nyumba ya nyuma ya ukuta yangu. Alikuwa ku mulango ya jiko, macho wazi, na aliniambia niache. Bandugu yangu hawatapenda kumusikiliza. Mumusikilize vilevile.